Robo moja si zamu ya mtoto wa nne: jinsi sifa zinavyorithiwa na jinsi ya kuzikadiria

Mwalimu wa Iganga (mwanzisha uzi)

Ndugu wasomaji, nimefundisha baiolojia katika shule za sekondari za Busoga kwa miaka kumi na minane, na kila mwaka, tunapofika kwenye somo la urithi, huwa kuna mwanafunzi anayebaki darasani wenzake wakishatoka ili aniulize jambo ambalo hakutaka walisikie. Mwaka huu alikuwa binti wa mwaka wa tatu. Alinieleza kwamba mama yake amezaa watoto watatu, kwamba wa pili ana sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao kwa Kiganda huitwa nalubiri, na kwamba nesi alimwambia mama huyo kuwa katika ndoa yao huugua mtoto mmoja kati ya wanne. Kwa kuwa mmoja amekwisha kuugua, mama ameamua kumzaa wa nne bila wasiwasi, akiamini kwamba ugonjwa umeshachukua fungu lake. Binti alitaka kujua kama hesabu hiyo ni sahihi.

Si sahihi, nami nimeandika uzi huu kwa sababu ya mama huyo na wengine wengi waliopewa tarakimu ya kweli bila kuelezwa maana yake.

Tuanze na msingi. Kila mmoja wetu ana nakala mbili za karibu kila jeni, yaani kila agizo la kuujenga mwili, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Seli za kawaida za mwili zina kromosomu 46, yaani nyuzi zinazobeba jeni, ila yai na mbegu ya kiume huwa na 23 tu, kwa maana kwamba mzazi hampi mtoto nakala zake zote mbili, bali moja, na hakuna anayechagua ni ipi.

Darasani hutumia mikebe miwili ya maziwa ya unga iliyokwisha. Mkebe mmoja ni baba, mwingine ni mama, na katika kila mmoja natia maharagwe kumi ya nambale, yale mekundu yenye madoa, pamoja na kumi meupe. Nambale ni jeni ya kawaida ya hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, tuiite A. Jeupe ni jeni ya sikoseli, tuiite S. Mwanafunzi hufumba macho, akachota haragwe moja katika kila mkebe, akayaweka mawili hayo mezani: huyo ni mtoto. Akipata nambale mbili, mtoto ni AA. Akipata moja ya kila aina, mtoto ni AS, mwenye afya ila amebeba jeni. Akipata meupe mawili, mtoto ni SS, naye ndiye anayeugua. Kisha, na hapa naomba msomaji atulie, kila haragwe hurudishwa katika mkebe lilikotoka, mkebe unatikiswa, na mtoto anayefuata anachotwa upya kutoka katika mikebe ileile iliyo kamili.

Mama wa binti yule alifikiri kwamba maharagwe hayarudishwi. Alidhani kwamba meupe mawili yakishatoka kwa mtoto wa pili, mikebe imesafika. Lakini baba aliye AS anaendelea kuwa AS, na mama vivyo hivyo, hata wakizaa watoto kumi. Kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS, mbili kati ya nne ya kuwa AS, na moja kati ya nne ya kuwa AA, wala mimba haijui ndugu waliotangulia walipata nini.

Ili wanafunzi waone hesabu inavyokwenda, huwa tunazichukua familia 256 za kufikirika, kila moja ikiwa na wazazi wawili wa AS na watoto wanne. Kwa kukadiria, familia 81 hazitapata mtoto mgonjwa hata mmoja. 108 zitapata mmoja. 54 zitapata wawili. 12 zitapata watatu. Na moja itapata wote wanne. Tazameni hapo kwamba familia ambazo kweli zina mgonjwa mmoja kati ya wanne hazifiki hata nusu. Zile 81 zitasema kwamba madaktari wanatisha watu bure, na ile moja itasema kwamba imerogwa, ilhali zote zimechota katika mikebe ya aina moja.

Aliyeufungua mlango huu ni Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno, ambaye kuanzia 1856 hadi 1863 alipanda njegere na kuzihesabu kwa uvumilivu ninaouhusudu. Alipozalisha njegere za mbegu za mviringo kwa njegere za mbegu zilizokunjamana, kizazi cha kwanza kilitoa mbegu za mviringo tupu. Alipokiacha kizazi hicho kijichavushe chenyewe, alipata mbegu 5474 za mviringo na 1850 zilizokunjamana, karibu tatu kwa moja. Mkunjamano ulikuwa haujafa; ulikuwa umejificha kizazi kizima nyuma ya jeni tawala, ukarudi vilevile ulivyokuwa. Kabla ya hapo watu waliamini kwamba sifa za wazazi huchanganyika kama chai na maziwa, na vitu vikichanganyika namna hiyo havitenganishwi tena. Aliyasoma matokeo yake mbele ya watu mwaka 1865, yakachapishwa 1866, na ulimwengu haukuyatilia maanani hadi 1900.

Nadhani kwetu Uganda kuna jambo jingine linalotupotosha, nalo ni mgomba. Matooke hayana mbegu, kwa kuwa mgomba wake una seti tatu za kromosomu badala ya mbili, na sisi hupanda machipukizi. Chipukizi ni nakala ya mama yake, bila baba na bila kuchota, kwa hiyo mtu aliyekulia shambani huona tangu utotoni kwamba kinachozaliwa hufanana na kilichozaa. Mtoto wa binadamu si chipukizi.

Kuhusu sikoseli yenyewe, kosa ni dogo la kushangaza. Katika jeni iliyo kwenye kromosomu ya 11, herufi moja imebadilika, na kwa sababu hiyo tofali la sita (asidi amino) katika mnyororo wa beta wa hemoglobini huwa valini badala ya asidi ya glutamiki. Hilo liligunduliwa na Vernon Ingram katika miaka ya 1950. Oksijeni inapopungua, hemoglobini hiyo hushikamana, na chembe ya damu iliyokuwa laini na ya mviringo hupinda kama mundu, ikakwama katika mishipa midogo. Maumivu ya mifupa wanayolia nayo watoto wetu usiku hutoka hapo.

Na kwa nini jeni hii imeenea kwetu? Kwa sababu mtu wa AS hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali, jambo ambalo Anthony Allison alilithibitisha mwaka 1954, akitumia pia vipimo vya watoto wa Buganda. Kinga hiyo haimsaidii mtoto wa SS, ambaye malaria kwake ni hatari kubwa. Utafiti uliofanywa katika wilaya zote za Uganda kwa damu ya watoto wachanga, na kuchapishwa mwaka 2016, ulikuta watoto 13.3% wakiwa AS na 0.7% wakiwa SS, ingawa viwango vinatofautiana sana kati ya eneo na eneo. Muda mrefu kabla ya hapo, watafiti Lehmann na Raper walikuwa wamewapima Waamba wa Bundibugyo, magharibi mwa Uganda, na kukuta takriban wanne kati ya kila kumi wamebeba jeni hiyo.

Karibuni kwa maswali. Nitajibu ninayoyajua.

Nnalongo wa Mukono

Mwalimu, nimesoma maneno yako mara mbili. Mimi nina mapacha, Wasswa na Kato. Walizaliwa siku moja, wakanyonya maziwa mamoja na kulala chandarua kimoja. Kato alipotimiza miezi minane vidole vyake vilivimba vyote, mikono na miguu, akawa analia tukimgusa. Tukapelekwa kupimwa, akakutwa ni SS. Wasswa ni AS. Mama mkwe wangu alisema wazi mbele ya wageni kwamba katika ukoo wao ugonjwa huo haujawahi kuonekana, kwa hiyo nimeuleta mimi. Naomba unieleze mambo mawili: imewezekanaje watoto waliokaa tumbo moja kwa wakati mmoja watofautiane, na ugonjwa umetoka wapi ikiwa pande zote mbili hawaujui?

Mwalimu wa Iganga

Pole sana, Nnalongo, kwa ugonjwa wa mtoto na kwa maneno uliyoambiwa mbele za watu.

Wasswa na Kato hawakutoka katika yai moja. Mayai mawili yalikomaa pamoja, kila moja likakutana na mbegu yake, kwa hiyo kila mmoja alichotwa kivyake, sawa na watoto waliopishana miaka mitatu. Mapacha wa yai moja lililogawanyika ndio ambao lazima wawe sawa katika jambo hili.

Kuhusu ukoo, mtoto wa SS ana maharagwe meupe mawili, na hawezi kuyapata yote kwako. Moja limetoka kwa baba yake, na baba yake alilipata kwa mmoja wa wazazi wake, naye huenda akawa ni mama mkwe mwenyewe. Mtu wa AS kwa kawaida haugui, hulima, huzaa na huzeeka bila kujua. Akioa mtu wa AA, hakuna mtoto wao hata mmoja atakayekuwa SS, ila kila mtoto ana nafasi ya nusu ya kubeba jeni ile. Hivyo S inaweza kupita kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu na kitukuu pasipo mtu kuugua, hadi siku ambayo mbebaji anakutana na mbebaji mwenzake. Kutoonekana kwa ugonjwa katika ukoo si ushahidi kwamba jeni haimo.

Mume wako ana dada na kaka? Ni vyema nao wapimwe, hasa ambao hawajaoa au kuolewa.

Fundi wa maabara, Lira

Mwalimu ameeleza vizuri, ila ningependa kuongeza jambo la upande wetu, kwa sababu hesabu yote hiyo inategemea kwamba karatasi ya majibu imesema kweli.

Kuna kipimo cha haraka ambacho damu hutiwa katika dawa ndani ya kibomba cha kioo, tukatazama kama maji yametibuka kiasi cha kutoweza kusoma mistari iliyo nyuma yake. Ni rahisi na kina kazi yake, lakini kinachokuambia ni kwamba S imo, basi. Hakitofautishi AS na SS. Kwa mtoto mchanga hakifai, kwa kuwa damu yake bado ina hemoglobini nyingi ya tangu tumboni mwa mama, na jibu linaweza kutoka safi ilhali mtoto ni mgonjwa. Dawa ikiwa imeharibika, au damu ya mtu ikiwa imepungua sana, mtu wa AS naye anaweza kuambiwa hana kitu. Kipimo cha kuamulia ni kile cha kutenganisha hemoglobini kwa umeme, ambacho huonyesha kila aina kwa mstari wake. Vilevile, aliyeongezewa damu hivi karibuni aseme kabla ya kupimwa, maana tutakuwa tunapima pia damu ya aliyemtolea.

Nasisitiza hili kwa sababu nimeshuhudia nyumba ikivunjika. Mtoto alikutwa SS, mama AS, na baba alikuwa na karatasi ya zamani kutoka kituo kimoja iliyoandikwa AA kwa kalamu. Kwa hesabu ya mikebe, AA na AS hawazai SS, basi mume akamfukuza mke akisema mtoto si wake. Miezi mitano baadaye alishauriwa kupima upya kwa njia ya umeme, akakutwa AS. Mke alikuwa amesharudi kwao, na alikataa kurejea.

Msomaji wa Arua

Habari hiyo ya Lira imenigusa, kwa sababu kaka yangu yuko karibu kufanya kosa kama hilo kwa ajili ya kundi la damu. Yeye ni A, mkewe ni B, na mtoto wao ni O. Anasema haiwezekani. Pia, Mwalimu, mbona baba yetu ni mrefu kama mlingoti na sisi wote ni wafupi? Urefu nao una mkebe?

Mwalimu wa Iganga

Ndugu wa Arua, mwambie kaka yako leo, usingoje kesho. A na B wanaweza kabisa kuzaa O. Jeni za makundi haya ziko za aina tatu: A, B na O. A na B zote hujitokeza, ndiyo maana yuko mtu wa AB. O hujificha mbele ya yoyote kati ya hizo. Mtu anayeitwa A anaweza kuwa na AA au AO, na anayeitwa B anaweza kuwa na BB au BO. Mwenye AO na mwenye BO wana nafasi moja kati ya nne ya kumpata A, moja ya B, moja ya AB na moja ya O, kwa kila mimba. Mtoto huyo, badala ya kumtia mama hatiani, ametuonyesha kwamba wazazi wote wawili wamebeba O.

Urefu hauna mkebe mmoja, una mamia kwa mamia, kila mmoja ukiongeza au kupunguza kidogo sana, kisha juu yake kuna chakula cha utotoni na magonjwa. Rangi ya ngozi iko katika kundi hilohilo. Kwa sifa za namna hii mraba wa Punnett, ule wa kupanga jeni za wazazi wawili ili kuona watoto wanaowezekana, hausaidii, na mtu akikuahidi kukutabiria urefu wa mtoto kwa mraba huo, usimsikilize.

Mfugaji wa Kiruhura

Naomba nichangie kwa upande wa ng'ombe, maana mimi pia niliwahi kumlaumu mtu bila haki. Nina ng'ombe wa Friesian mweusi na mweupe. Niliita mtaalamu wa uhimilishaji, nikalipia mbegu za dume ambalo kwenye picha lilikuwa jeusi na jeupe. Ndama akazaliwa mwekundu na mweupe. Nilimpigia simu yule kijana nikamwambia ameniuzia mbegu za dume jingine, na kwa mwaka mzima sikumruhusu kuingia bomani kwangu. Sasa nasoma habari za jeni kujificha, nami nashuku nilikosea.

Mwalimu wa Iganga

Naam, mzee wangu, inaelekea kijana huyo hakukosa. Kwa Friesian, weusi hutawala na wekundu hujificha. Ng'ombe wako ni mweusi lakini amebeba wekundu, na dume lile nalo lilikuwa hivyo, na ndama akapata wekundu kwa wote wawili. Ni robo ileile ya sikoseli. Sasa unajua kwa hakika jambo ambalo hukulijua kwa kumtazama ng'ombe wako: ukimpandisha tena kwa dume lililobeba wekundu, robo hiyo ipo, ukitumia dume lisiloubeba, ndama wote watakuwa weusi kwa weupe, ingawa nusu yao, kwa kukadiria, wataendelea kuubeba kimyakimya.

Pembe ni kinyume. Kutokuwa na pembe ndiko kunakotawala, kwa hiyo ng'ombe wawili wasio na pembe wanaweza kuzaa ndama mwenye pembe, bali wawili wenye pembe hawatarajiwi kuzaa kipara.

Nnalongo wa Mukono

Mwalimu, nina binti mkubwa pia, mzima kabisa, hajawahi kuugua maumivu hayo, ila hatujampima. Kwa kuwa ni mzima, nafasi yake ya kuwa AS ni nusu?

Mwalimu wa Iganga

Ni zaidi ya nusu, dada yangu. Hapa hata walimu huteleza. Kabla hajazaliwa, nafasi nne zilikuwa AA moja, AS mbili na SS moja. Sasa tunajua kwamba yeye si SS, basi ile tunaiondoa. Zimebaki tatu, na mbili kati yake ni AS. Nafasi yake ni mbili kati ya tatu. Mpime sasa, akiwa hajaingia katika mambo ya uchumba, ili jibu limfikie moyo ukiwa umetulia.

Mchumba wa Jinja

Shikamoo Mwalimu. Nimekuwa nikisoma kimya tangu mwanzo. Mimi na mwenzangu tulipimwa kwa umeme wiki iliyopita kwa sababu kanisa lilitutaka tulete majibu. Sote ni AS. Kwanjula, sherehe ya kutambulishana kwa familia, imepangwa, wazee wameshapokea barua. Shangazi yangu anasema tuachane. Wewe unasema nini?

Mwalimu wa Iganga

Marahaba, mwanangu. Sitakuambia uache wala uoe, kwa kuwa hayo ni yenu wawili, na shangazi yako anasema kwa kuwapenda. Nitakuambia kilicho mbele yenu kwa uwazi niwezao.

Kila mimba ina robo ya SS na robo tatu za kutokuwa SS. Mkizaa wawili, nafasi kwamba wote watakuwa salama ni tisa kati ya kumi na sita, zaidi kidogo ya nusu. Wakiwa watatu ni ishirini na saba kati ya sitini na nne, imeshuka chini ya nusu. Idadi ya watoto mtakayoichagua ni sehemu ya uamuzi huu, na ni vizuri muizungumze kabla ya kwanjula.

Mkiamua kuendelea, mtoto apimwe mapema kwa kile kipimo cha umeme alichokitaja ndugu wa Lira, msingoje vidole vivimbe kama alivyovimba Kato. Mtoto wa SS anayejulikana mapema hupewa penisilini kila siku hadi afike miaka mitano, hukingwa malaria, hupata chanjo zake zote, na siku hizi ipo haidroksiurea. Dawa hiyo ilijaribiwa kwa watoto wadogo katika Hospitali ya Mulago, kwa kuwa kulikuwa na hofu kwamba ingewaongezea malaria. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba haikuwaongezea, na kwamba matatizo yao ya sikoseli yalipungua. Hainyooshi jeni, na huhitaji kumezwa kila siku na damu kupimwa mara kwa mara, kwa hiyo ulizieni kama inapatikana karibu nanyi na kwa gharama gani.

Mchumba wa Jinja

Nashukuru. Jumamosi tutakwenda kwa shangazi pamoja. Mwenzangu ameomba mikebe miwili na maharagwe, anasema atamwonyesha mwenyewe.

Mwalimu wa Iganga

Mwambie asisahau kuyarudisha mkebeni kila anapochota.